Kichwa cha Kumi na Nane

Mwalimu Gusa alihesabu vichwa kumi na vinane, akafunga mlango wa chuma kwa komeo, akauegemea kwa mgongo ili apumue kidogo. Juu ya bati mvua ilikuwa imeanza kishindo chake, na chumbani watoto wa miaka mitatu na minne walikuwa wakipiga kelele za furaha na za woga kwa pamoja, maana katika umri huo mambo hayo mawili bado hayajatengana. Mmoja alikuwa na kiatu kimoja. Wawili walikuwa wakigombea taulo. Mwingine alikuwa amejikojolea na hana habari.

Jina la Gusa alipewa na watoto wenyewe kwa sababu ya namna yake ya kuhesabu. Walimu wengine huhesabu kwa macho, au huita majina. Yeye aligusa. Kila walipotoka uani na kila walipoingia, alisimama mlangoni akiweka kiganja juu ya kila kichwa kilichopita, moja, mbili, tatu, na kwa miaka sita kiganja hicho hakikuwahi kumdanganya. Watoto waliipenda hesabu hiyo. Walikuwapo wajanja waliozunguka kwa nyuma ili waguswe mara mbili, naye aliwajua wote kwa sura na kwa tabia.

Darasa lake lilikuwa na watoto kumi na wanane. Upande wa nje wa mlango ule ule palikuwa na bango la samawati lililotangaza kwamba katika kituo hiki mwalimu mmoja hulea watoto wasiozidi kumi. Bango lilipakwa na mumewe mwenyewe, ambaye ni fundi rangi, na hakuna mzazi ambaye hakusifu herufi zake. Ila mwalimu mwenzake wa darasa lile aliacha kazi mwezi uliopita akaenda kuuza simu, na Mama Mkuu, mwenye kituo, alikuwa bado anatafuta mtu. Alitafuta bila haraka yoyote.

Na siku hiyo, juu ya hao kumi na wanane, palikuwa na mmoja zaidi. Huyo alikuwa Kidoti, binti ya mwalimu, wa miaka minne. Kwa kawaida Kidoti hushinda na bibi yake nyumbani, lakini bibi alikuwa ameitwa hospitali kupimwa macho, na baba alikuwa juu ya ngazi akipaka ghorofa la watu. Kwa hiyo mwalimu alikwenda kuomba. Aliomba akiwa amesimama mbele ya meza ya Mama Mkuu, huku Kidoti ameng'ang'ania sketi yake.

“Leo tu,” Mama Mkuu alisema. “Ada ya hapa unaijua, mwalimu. Wazazi wakisikia kuna mtoto wa bure, kesho kila mtu ataniletea na wa jirani yake.”

“Najua, mama. Ni leo tu.”

“Mvalishe aproni kama wenzake, asionekane mgeni. Na yale maziwa ya saa nne yana idadi yake.”

Maana yake Kidoti asipewe. Saa nne ilipofika, mwalimu alimmiminia bintiye chai yake mwenyewe kwenye kifuniko cha chupa, wengine wakanywa maziwa. Kidoti aliyatazama masharubu meupe ya wenzake, akatazama kifuniko chake, hakusema neno. Angelia, mama yake angejua la kufanya. Kule kunyamaza ndiko kulikomkata maini.

Mvua iliposhuka walikuwa uani wakicheza. Haikuanza kwa matone. Ilimwagika yote kwa mara moja. Mwalimu alipiga makofi, watoto wakatimka, aproni za njano zikapita chini ya kiganja chake kwa kasi, na ilipopita ya kumi na nane mkono ukasema tosha. Ndipo alipofunga.

Baada ya hapo kazi ilimjia kutoka kila upande. Alimbadilisha nguo yule aliyejikojolea. Akakitafuta kiatu, akaamua kwamba kitaonekana mvua ikiisha. Akakausha vichwa, akapangusa makamasi, akawaamua wawili waliokuwa wakiumana, akaanzisha wimbo ili radi isisikike, na wimbo wa watoto wote hao chini ya bati linalopigwa na mvua haumwachii mtu sikio la kusikia jambo jingine. Kisha akatandika mikeka. Kila mkeka ulishonwa alama ya mwenyewe pembeni: samaki, nyota, mwavuli, ufunguo. Watoto wakakaa kila mmoja pake, na Kidoti, asiyekuwa na mkeka, akakaa sakafuni.

Mkeka wenye ndege ulibaki mtupu.

Mwenye ndege alikuwa msichana wa miaka mitatu ambaye walimu walimbandika jina la Chiriku, kwa kuwa alianza kuongea asubuhi akishuka mgongoni kwa mama yake na hakufunga mdomo hadi jioni. Sasa mwalimu aligundua kuwa chumba kilikuwa na kelele zote isipokuwa hiyo moja. Akaanza kuhesabu upya, mbiombio, akigusa: kumi na tano, kumi na sita, kumi na saba. Kiganja kikatua juu ya kichwa cha kumi na nane, juu ya nywele alizozisuka yeye mwenyewe jana jioni, na Kidoti akainua uso akatabasamu kwa kuona zamu yake imefika.

Nimemhesabu mwanangu, mwalimu aliwaza, akakimbilia mlangoni.

Alipovuta komeo, mtoto aliangukia ndani, kwa sababu alikuwa ameegemea mlango. Baadaye ilijulikana kwamba alikuwa amejificha ndani ya lile bomba kubwa la saruji ambalo watoto hupitia kwa kutambaa, na alipotoka uani hapakuwa na mtu. Alikuwa amelowa chapachapa. Viganja vyake vilikuwa vyekundu kwa kugonga chuma. Hakulia. Alimtazama mwalimu wake bila kusema kitu, na mwalimu, ambaye kwa miaka sita amesikia vilio vya kila namna, hakuwahi kuona kitu cha kutisha kama mtoto yule aliyenyamaza.

*

“Dakika ngapi?” Mama Mkuu aliuliza. Mwalimu alipompigia simu alikuja mwenyewe, akafunga mlango wa kijichumba cha kubadilishia nguo nyuma yake. Darasani, kwa dakika chache hizo, aliyekuwa akiangalia watoto alikuwa mpishi, mwiko mkononi.

“Kama robo saa.”

“Nani ameona?”

“Mimi.”

“Basi hakuna aliyeona.” Mama Mkuu aliinama akamshika Chiriku kidevu, akamgeuza uso huku na huku kama anayechagua nyanya. “Mzima huyu. Mkaushe nywele vizuri, mtafutie nguo kwenye sanduku. Na mpeni maziwa ya moto.”

Maziwa, kumbe, yaliweza kupatikana.

“Nitamweleza mama yake akija,” mwalimu alisema.

“Utamweleza nini?”

“Kilichotokea.”

Mama Mkuu alivuta kiti kidogo cha watoto akakalia, magoti yakamfika kifuani. Hakuwa mtu wa kupayuka. Watu waliomjua waliogopa zaidi aliposhusha sauti. “Mwalimu, tuongee kama watu wazima. Ukimweleza, ataripoti. Wakiripoti, watakuja wakaguzi. Wakaguzi wakija, watahesabu watoto wako na watasoma lile bango la mumeo. Kituo kitafungwa, na wazazi zaidi ya ishirini hawatakuwa na pa kuacha watoto kesho asubuhi. Hilo ndilo unalolitaka?”

“Si hilo, mama.”

“Halafu hao wa supamaketi walinipigia jana kukuulizia.”

Mwalimu aliinua macho. Hakuwa amemwambia mtu pale kazini. Wifi yake, dada ya mumewe, alikuwa keshia kwenye supamaketi moja kubwa, na alikuwa amemshikia nafasi hadi Jumamosi. Mshahara ulikuwa karibu mara mbili ya huu. Kilichokuwa kinatakiwa ni barua ya mwenendo kutoka kwa mwajiri anayemwacha.

“Mimi sikuzuii,” Mama Mkuu aliendelea. “Walimu kuniondokea nimezoea. Ijumaa utakuta barua yako mezani, nzuri, na sahihi yangu. Lakini barua ya mwalimu aliyemfungia mtoto nje kwenye mvua, ukweli, siwezi kuiandika. Wewe ungeiandika?”

Kila mtoto alikuwa na kijidaftari kilichokwenda nyumbani naye, mwalimu akiandika humo mtoto amekula nini, amelala saa ngapi, ameshindaje. Mama Mkuu alikichukua cha Chiriku, akakifungua kwenye ukurasa wa siku ile, akampa na kalamu.

“Alimwagikiwa maji wakati wa kucheza,” alisema taratibu, kama anayetoa imla. “Tumembadilisha nguo. Ameshinda salama.”

Mwalimu aliandika. Mwandiko wake ulikuwa mzuri siku zote, na hata siku hiyo ulitoka mzuri, jambo lililomchukiza. Saa kumi babu yake Chiriku alikuja, akapokea mtoto na kijidaftari, akashukuru kwa adabu, akaondoka. Chiriku hakupunga mkono.

*

Nyumbani palikuwa na vyumba viwili na kibaraza. Mama mkwe alikuwa amelala kwenye kochi na kitambaa usoni, kwa maana macho yake yalitiwa dawa na hakuweza kuvumilia mwanga. Hilo halikumzuia kusikia. Baba Kidoti alikuwa akijisugua rangi vidoleni kwa mafuta ya taa, na mkewe alimweleza yote akiwa anamenya viazi, bila kumtazama.

“Mtoto ni mzima?” aliuliza alipomaliza kusikiliza.

“Mzima.”

“Hana jeraha?”

“Hana.”

“Basi mshukuru Mungu, nyamaza, Ijumaa chukua barua yako. Siku mbili tu, mama Kidoti. Mtu hawezi kunyamaza siku mbili?”

“Nimeandika uongo kwenye daftari lake.”

“Umeandikishwa. Ni tofauti.” Alichukua kitambaa kingine. “Miaka sita unarudi hapa sauti imekwisha na mgongo haunyooki. Unaugua mafua ya kila mtoto. Ukiumwa wewe, siku inakatwa. Wewe mwenyewe Jumapili ulikaa hapo hapo ukasema nimechoka, naacha. Nimeota mimi?”

Hakuwa ameota. Alikuwa amesema hivyo, na wifi yake alikuwepo, akacheka akasema, “Njoo kwetu, wifi. Mchele na sabuni havijikojolei.” Wote walicheka, na mwalimu alicheka kuliko wote, na usiku alilala akijiona tayari amekaa kwenye kiti chenye mgongo, akipitisha vitu ambavyo, ukishavipitisha, havikuulizi kesho utakuja. Alikuwa anaitaka kazi ile. Aliitaka kwa moyo wote, na hapo ndipo ugumu ulipokuwa.

“Hujanisikia vizuri,” alisema. “Kilichoniuma si mlango.”

“Ni nini?”

Aliweka kisu chini. “Nilimgusa Kidoti. Niliweka mkono juu ya kichwa cha mwanangu, na mkono haukumjua. Nikamhesabu kama mtoto wa mtu yeyote. Wananichosha kiasi hicho, baba Kidoti. Mwanangu amepita hapa, chini ya mkono wangu, na mimi nimesema kumi na mbili au kumi na tatu, sijui hata alikuwa wa ngapi.”

Fundi rangi alikuwa mtu mwema, lakini wema wake ulipenda mambo yenye suluhisho, kama ukuta wenye ufa. “Ndiyo maana nakwambia uondoke,” alisema hatimaye, kwa upole. “Na ili uondoke unahitaji barua. Mimi huku sijui nitalipwa lini. Nikisema unyamaze, si kwamba sina huruma na huyo mtoto.”

“Najua.”

“Haya.”

Kutoka chini ya kitambaa mama mkwe aliuliza, “Na huyo mtoto, nyumbani kwao atasema nini?”

“Ana miaka mitatu, mama,” mwanawe alimjibu. “Nani anamsikiliza?”

Mama mkwe alijigeuza upande wa ukutani. Viazi vilibaki kwenye maji mpaka Kidoti alipokuja kuuliza kama leo hawali.

*

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika, ila kila kitu kilikuwa bado kinatoa maji. Kidoti alibaki na bibi yake, na baba yake naye alibaki, kwa sababu ukuta mbichi haupakwi rangi. Saa moja na nusu mwalimu alikuwa mlangoni kwake akipokea watoto, mmoja mmoja, na Mama Mkuu, ambaye kwa kawaida huingia saa tatu, alikuwa amesimama hatua mbili kando yake akiwasalimu wazazi. Hakuna aliyemwuliza sababu ya kuwahi.

Mama yake Chiriku alikuja wa mwisho. Alikuwa nesi, bado amevaa sare na viatu vyeupe, anatoka zamu, macho yamemwingia ndani. Chiriku alikuwa mgongoni kwake, ameficha uso. Kila mama alipojaribu kumshusha, mtoto alimkaba shingo kwa mikono miwili.

“Samahani, mwalimu,” nesi alisema. “Sijui leo amepatwa na nini. Shuka, mama. Shuka, nimechelewa kulala.”

“Watoto wana siku zao,” Mama Mkuu alisema akitabasamu.

“Si siku zao. Tangu jana anasema uongo.” Nesi alipunguza sauti, kama mtu anayetaja ugonjwa wa aibu. “Anasema eti mvua ilimnyeshea, eti mlango ulikataa. Nikamwonyesha daftari, nikamsomea kabisa, mwalimu ameandika ulimwagikiwa maji. Anashikilia tu, mlango ulikataa. Nikaona hii sasa ni tabia, nikamchapa kabla sijaenda zamu. Sijawahi kumchapa huyu. Usiku mzima kazini mkono unaniwasha.”

Mwalimu alimtazama Mama Mkuu, na Mama Mkuu alimtazama yeye. Tabasamu lilikuwa bado liko palepale, lakini kichwa kilitikisika kidogo sana, kushoto, kulia.

“Watoto wa siku hizi wana ubunifu,” Mama Mkuu alisema. “Mpe mwalimu, mama, ukapumzike. Akiingia ndani atasahau.”

Nesi aliibandua mikono ya mtoto shingoni mwake, kidole kwa kidole, akamgeuza, akamnyoosha mbele. Chiriku alining'inia hewani, miguu imekunjamana, akiutazama mlango. Ilibidi mwalimu anyooshe mikono ampokee. Ndivyo alivyofanya kila asubuhi kwa miaka sita, bila kufikiri. Mikono ilikataa kunyanyuka.

“Hajasema uongo,” alisema.

“Nini?”

“Mtoto hajasema uongo. Mimi ndiye niliyeandika uongo. Mvua ilipoanza nilifunga mlango yeye yuko nje. Alikaa kama robo saa. Alikuwa anagonga, sikumsikia.”

Wazazi wawili waliokuwa wakifunga kamba za viatu vya watoto wao waliacha kufunga. Nesi alimrudisha mtoto kifuani pole pole. Alikuwa mtu wa wodini; uso wake haukuonyesha kitu, na sauti alipoitoa ilikuwa kavu kama ya mtu anayejaza fomu.

“Ulihesabu?”

“Nilihesabu.”

“Ukapata wangapi?”

“Kumi na wanane. Walitimia. Lakini mwanangu alikuwepo jana, hakuwa na wa kumwangalia, nikamhesabu naye. Nilimhesabu mwanangu nikamwacha wako.”

“Kumi na wanane,” nesi alirudia. “Na mlikuwa walimu wangapi?”

“Mimi.”

“Mwenyewe?”

“Mwenyewe.”

Nesi aligeuka akalisoma bango la samawati, lote, kana kwamba analiona kwa mara ya kwanza. Wale wazazi wawili nao wakalisoma. Mama Mkuu alianza kusema kwamba twendeni ofisini tukae, mama, mambo haya yana maelezo yake, na nesi hakumjibu hata kwa kumtazama. Alichuchumaa pale pale kwenye maji, akamsimamisha mtoto mbele yake.

“Mlango ulikataa,” alimwambia.

Chiriku aliitikia kwa kichwa.

“Mama alikosea. Umesikia? Mama alikuchapa na wewe ulisema kweli.”

“Niligonga,” Chiriku alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza pale tangu jana. “Niligonga, niligonga, niligonga.”

Nesi alimbeba akasimama. Aliporudi kumtazama mwalimu, macho yalikuwa yamejaa, na mwalimu alingoja tusi, akaona ni haki yake kulipokea.

“Mimi usiku naachiwa wagonjwa thelathini,” nesi alisema. “Najua mtu anavyofika huko. Lakini kukusamehe leo siwezi, mwalimu. Usinitarajie.”

“Sikutarajii, mama.”

Nesi aliondoka bila kuchukua hata kijidaftari.

*

Mama Mkuu alingoja mpaka wazazi wote wametoka getini. Mmoja wa wale wawili alikuwa ameondoka na mtoto wake mkononi, mwingine, mwenye kazi isiyo na ruhusa, alikuwa amemwacha wa kwake ndani huku akigeuka geuka njia nzima. Ndani walikuwa wamebaki kumi na sita.

“Chukua mkoba wako utoke,” alisema.

“Na barua?”

“Barua gani? Hao wa supamaketi wakinipigia tena, nitawaambia vile vile ulivyomwambia huyo mama. Neno kwa neno. Si unapenda ukweli?”

Mwalimu alikuwa amelijua jibu kabla ya kuuliza, lakini kulisikia lilikuwa jambo jingine, kwa sababu pamoja nalo vilikwenda kile kiti chenye mgongo, na mshahara, na uso wa mumewe atakaporudi kumwambia. Hasira ilimshika kwa mara ya kwanza tangu jana. Miaka sita hakuwahi kukosa kazi, hata siku ya mazishi ya baba yake mdogo. Alizika akarudi darasani saa nane.

“Sawa,” alisema. “Nani anawapokea?”

“Hilo si lako tena.”

“Ni sheria yako mwenyewe, mama. Mwalimu hatoki chumbani mpaka akabidhi watoto kwa majina. Nani ananipokea?”

Mpishi alikuwa jikoni, na mwalimu wa darasa la wachanga alikuwa na wachanga wake tisa, wawili wakilia tangu alfajiri. Mama Mkuu alitazama uani, akatazama geti, kama vile mtu aliyekuwa akimtafuta mwezi mzima angetokea sasa hivi. Kisha akavua saa yake ya mkononi, akaitia mfukoni, akaingia.

“Nipe,” alisema. “Nawajua hawa.”

Hakuwajua. Mwalimu aliwapanga mstari akaanza kutaja, jina baada ya jina, na Mama Mkuu aliitikia ndiyo, ndiyo, kama mtu anayesomewa orodha ya vitu vya stoo. Wa nne alimwita kwa jina la wa sita. Wa sita akakasirika akasema yeye si huyo. Wawili aliodhani ni mapacha hawakuwa mapacha, walifanana tu, na mwalimu alieleza mara mbili.

“Huyu asipewe karanga kabisa, koo linavimba.”

“Yupi?”

“Huyu. Mwenye mkeka wa ufunguo. Huyu analala akishikwa sikio. Huyu akisema tumbo linauma ni mkojo, mkimbize. Huyu mama yake amejifungua juzi, atakuuma, usimgombeze sana.”

“Huyu wa karanga ni yupi tena?” Mama Mkuu aliuliza, na safari hii sauti yake haikuwa imeshushwa wala kupandishwa. Ilikuwa sauti ya mtu aliyeogopa.

Mwalimu alichukua kalamu ya wino mzito, akaandika KARANGA HAPANA kwenye aproni ya njano ya mtoto yule, kifuani, kwa herufi kubwa. Akamalizia wale waliobaki. Kisha akachukua mkoba wake, na mtoto mmoja akamwuliza anakwenda wapi, akasema nyumbani, na mwingine akasema lakini bado asubuhi. Alipotoka, kilio cha kwanza kilianza nyuma yake, kikafuatwa na cha pili, akajua ni cha nani na cha nani. Alitembea haraka ili asisikie cha tatu.

*

Baba Kidoti alikuwa kibarazani akinoa vikwangulio vyake vya rangi. Alipomwona mkewe anaingia saa tatu asubuhi na mkoba begani, aliacha kunoa. Hakuuliza barua. Alisogea kwenye benchi ili apate pa kukaa.

“Umemwambia,” alisema.

“Mama yake alimchapa kwa kusema kweli. Kwa sababu ya mwandiko wangu.”

Mumewe alitazama mikono yake yenye rangi. “Nitampigia dada,” alisema, “nimwambie ile nafasi wampe mtu.” Akatoa pumzi. “Ghorofa lile likikauka watanilipa nusu. Tutaona.”

Haikuwa baraka, na mwalimu hakuichukua hivyo, lakini alikaa karibu yake, mabega yakagusana. Mama mkwe alitoka ndani akipapasa ukuta, akasimama mlangoni, akafanya kama amekuja kuota jua. Kidoti alikuwa uani akimwogesha mwanasesere kwenye maji ya mvua. Alimwona mama yake. Hakukimbia kumlaki kama afanyavyo jioni. Alisimama na mwanasesere akichuruzika, amekunja uso, kwa sababu mama yake hajawahi kuonekana pale jua likiwa upande ule.

“Watoto wako wapi?” aliuliza.

“Wapo kituoni.”

“Umewaacha na nani?”

“Na Mama Mkuu.”

Kidoti alifikiri. Alikuwa amekaa mle ndani siku moja nzima, na aliwafahamu watu wa mle. “Anajua majina yao?”

“Hajui,” mwalimu alisema.

“Basi rudi ukamwambie.”

Baba yake alicheka, na mwalimu naye alianza kucheka, ila kicheko kikageuka kilio cha sauti, mchana kweupe, mbele ya mama mkwe na majirani, kwa sababu mtoto alikuwa amesema lile ambalo yeye mwenyewe alikuwa akipigana nalo njia nzima, na kwa sababu aliposhusha macho aliona miguu yake, ikiwa bado na viatu, imeelekea barabarani.